Ndita za Uso na Sindano Mbili



Huenda baadhi ya wazee wenzangu wakasoma kichwa cha habari hii wakatikisa vichwa na kuuliza: mwalimu wa chuo wa Lupiro ana shauri gani na sindano za kunyoosha uso? Wana haki ya kuuliza. Elimu yangu ni ya chuo na ya shule ya msingi, na sindano nizijuazo ni za dawa na ile ya kushonea kofia. Lakini jambo hili lilinifuata hadi barazani kwangu, nami nikalijibu vibaya. Na kwa kuwa nililijibu vibaya mbele ya watu, naona yanipasa nilieleze upya mbele ya watu.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, baada ya sala ya Alasiri. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kufunga juzuu zao, nami nimeketi pamoja na wazee wawili tukizungumza habari za mvua. Akaja mama mmoja ambaye watoto wake wawili wasoma kwangu. Yeye ni mfanya biashara wa mchele. Hununua mpunga kwa wakulima wa bondeni, huukoboa mashineni, kisha huupakia magari yaendayo Dar es Salaam. Umri wake ni miaka 46. Alisalimu kwa adabu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Jamaa yake aishiye mjini alikuwa amemwandikia majina ya sindano mbili za kuondoa mikunjo ya uso, na bei ya kila moja. Ya kwanza ni ile watu waiitayo Botox, na ya pili huitwa filla.

"Mwalimu," akasema, "nichague ipi?"

Sikungoja amalize. Nilimwambia kwamba kubadili umbo la Mwenyezi Mungu ni haramu, nikamtajia Suratin-Nisaa aya ya 119, nikamtajia na hadithi ya wanawake waliolaaniwa kwa kuchora miili na kujichonga mwanya. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nikaona nimemaliza kazi.

Yule mama akainama kidogo, kisha akasema pole pole: "Mwalimu, nisamehe. Hukumu ningekuuliza baadaye. Mimi nimeuliza tofauti yake. Kama zote mbili huzijui, umezihukumu vipi?"

Akaaga, akaenda zake. Wazee wangu wale wakarudi kwenye habari za mvua, nami usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka kwamba mafakihi wetu tangu zamani walishika msemo kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Nimewafundisha vijana msemo huo kwa miaka mingi.

Juma lililofuata nilivuka kwenda Ifakara. Kwa wasioifahamu nchi yetu, Lupiro ni njia panda. Barabara moja yapanda Mahenge, nyingine yashika upande wa Malinyi, na ya tatu yavuka Mto Kilombero hadi Ifakara. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kungojea kivuko, na Januari ya mwaka 2016 kivuko hicho kilipinduka mtoni. Sasa twapita juu ya daraja la mita 384 lililofunguliwa rasmi mwaka 2018. Sindano pia si kitu kigeni kwetu, kwani watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamewafuata mbu hata vijijini mwetu, na mtoto wa Lupiro huzoea kuchomwa kidole kupimwa malaria kabla hajajua kusoma alifu. Lakini kuchomwa ili kupimwa homa ni jambo moja, na kuchomwa usoni ili kuuficha umri ni jambo jingine.

Huko nilimwendea daktari mmoja tunayefahamiana tangu ujana. Nilimweleza yote, hata aibu yangu. Hakucheka. Alivuta karatasi akachora uso wa mtu.

"Mikunjo ya uso," akasema, "si jamaa moja. Iko ambayo huonekana pale tu uso unapocheza, mtu akikunja ndita au akicheka. Uso ukitulia, hutoweka. Na iko ambayo haiondoki hata mtu akilala usingizi. Nguo ukiikunja kila siku pale pale, mwisho hufanya mstari. Hiyo ndiyo aina ya kwanza. Sasa tazama gunia. Gunia likijaa mchele ni nyororo. Likipungua, hufanya makunyanzi bila ya mtu kulikunja. Hiyo ndiyo ya pili. Sindano moja huushika mkono unaokunja nguo. Nyingine huongeza mchele guniani. Asiyejua anasumbuliwa na nini atanunua mchele wa kunyooshea nguo."

Mfano huu nimeupenda, maana kwetu hakuna nyumba isiyo na gunia.

Sindano ya kwanza ina historia ya ajabu. Asili yake ni sumu, na wataalamu wasema kwamba katika sumu zote zijulikanazo hakuna iliyo kali kuipita. Hutolewa na bakteria aitwaye botulini, apendaye vyakula vilivyofungiwa mahali pasipo hewa. Katika miaka ya 1820 daktari mmoja wa Kijerumani, Justinus Kerner, aliandika habari za watu waliokufa kwa kula soseji zilizoharibika. Akaona kwamba sumu ile hulegeza viungo, akafikiri kuwa huenda siku moja, ikitumiwa kidogo sana, ikawa dawa. Mwaka 1895 katika kijiji cha Ellezelles, nchi ya Ubelgiji, wapiga muziki waliokuwa wametoka mazikoni walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, wakaanguka, na baadhi yao wakafa. Na katika nyama hiyo Profesa Émile van Ermengem akamgundua bakteria mwenyewe. (Msomaji atakuwa amekwisha kusema moyoni alilotaka kusema juu ya nyama hiyo, nami sitaongeza.)

Waliotimiza fikira ya Kerner hawakuwa watu wa urembo, bali madaktari wa macho. Alan Scott, wa San Francisco, Marekani, alitafuta njia ya kumnyoosha macho mtu mwenye makengeza bila ya kumpasua. Aliudunga msuli unaovuta jicho kwa chembe ya sumu ile, msuli ukalegea, jicho likarudi mahali pake. Na mwaka 1989 serikali ya Marekani ikaikubali kuwa dawa. Huko Vancouver, nchi ya Kanada, daktari wa macho aitwaye Jean Carruthers alikuwa akiitumia kwa wagonjwa ambao kope zao hufumba zenyewe bila ya hiari. Mwaka 1987 mgonjwa mmoja alimwambia kwamba kila adungwapo, ndita zake huondoka na uso wake huonekana umetulia. Mume wa daktari huyo, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi. Wakashirikiana, wakaandika habari zake mwaka 1992, na mwaka 2002 Marekani ikairuhusu kutumika kwa ndita za baina ya nyusi.

Ifanyavyo kazi ni hivi. Msuli haukazi mpaka uletewe habari na mshipa wa fahamu; sumu hii huuzuia mshipa usiitoe habari hiyo. Msuli hubaki mzima, ila hauna wa kuuamrisha. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika kama baada ya majuma mawili, na baada ya miezi 3 au 4 mshipa hupata nguvu tena na ndita hurudi. Maana yake, atakaye uso wake ukae hivyo mwaka mzima hana budi kurudi kudungwa mara 3 au 4, na mwaka wa pili vivyo hivyo. Ikikosewa, kope yaweza kulegea na kufunika nusu ya jicho kwa majuma kadhaa, na hapana dawa ya kuiondoa sumu ile pale ilipokwisha kushika, ni kungoja. Mwanamke mwenye mimba hashauriwi kudungwa, wala anyonyeshaye, na mwenye maradhi ya kulegea misuli ajitenge nayo kabisa.

Sindano ya pili ni kitu kingine kabisa. Filla itumikayo zaidi siku hizi hufanywa kwa asidi ya hayaluroniki, maji mazito mfano wa ute, ambayo Mwenyezi Mungu ameyatia katika miili yetu, kwenye ngozi, viungo na macho. Karl Meyer na mwenzake John Palmer waliitambua mwaka 1934 katika macho ya ng'ombe. Baadaye ilikuwa ikitolewa katika vilemba vya majogoo, na sasa nyingi hutengenezwa kwa kufuga bakteria viwandani. Ute huo hudungwa chini ya mfereji wa ngozi, nao huuinua, kama mchele uongezwao guniani. Huonekana papo hapo, na hudumu kama miezi 6 hadi 18, kwa kadiri ya aina yake na mahali palipodungwa. Faida yake moja ni kwamba iko dawa ya kuuyeyusha ute huo ikiwa umewekwa vibaya.

Lakini hapa daktari aliweka kalamu chini. "Hofu yangu kubwa," akasema, "iko katika hii ya pili, ijapokuwa ya kwanza ndiyo yenye jina la sumu." Uso umejaa mishipa ya damu, na baadhi yake yaungana na ile iendayo jichoni. Ute ukiingia ndani ya mshipa huuziba. Ngozi iliyonyimwa damu hufa ikawa nyeusi. Na ikiwa mshipa ulioziba ni wa jicho, mtu aweza kupofuka kwa dakika chache, na mara nyingi jicho hilo halirudi. Mahali pa hatari kuliko pote ni puani na hapo baina ya nyusi.

Basi swali la yule mama lilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la maneno machache. Mikunjo aliyonayo ni ndita mbili zilizosimama baina ya nyusi. Kwa mikunjo hiyo madaktari hutumia ile ya kwanza. Kumtia filla mahali hapo ni kumpeleka ukingoni mwa shimo. Angekuwa na mifereji mirefu itokayo puani hadi pembe za mdomo, filla ndiyo ingetajwa. Na mwenye ngozi iliyosinyaa uso mzima kwa jua, kwa moja asitarajie mengi, wala kwa nyingine.

Nimelitaja jua, nami sitaki kulipita upesi, kwa kuwa sisi ni watu wa mashamba. Mwaka 2012 jarida moja kubwa la madaktari wa Marekani lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo kwa miaka 28. Upande wake wa kushoto, ulioelekea dirisha, ulikuwa na makunyanzi mazito kama gome la mti. Upande wa kulia ulikuwa wa mtu mwingine aliye kijana kuliko yeye. Kioo cha gari huzuia sehemu ya jua iunguzayo, lakini ile izeeshayo hupita. Kwetu dereva hukaa kulia, na mashavu yake yangesimulia habari hiyo kwa upande wa pili.

Mwenyezi Mungu amewapa watu weusi katika rangi yao kinga ambayo weupe hainunuliki kwao kwa fedha. Ndiyo maana makunyanzi ya jua hutuchelewea kwa miaka mingi. Sasa tazameni wafanyavyo mabinti zetu. Hupaka mkorogo, wakaivua kinga hiyo kwa mikono yao wenyewe, kisha hutafuta sindano ya kuondoa makunyanzi. Baadhi ya mikorogo ina zebaki, ambayo hudhuru figo. Mingine ina dawa za jamii ya steroidi, ambazo zikipakwa muda mrefu huifanya ngozi nyembamba kama karatasi ya kusokotea sigara. Huko Moshi, katika chuo cha madaktari wa ngozi kilichoko Hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua si jambo la urembo bali la saratani na mauti. Wao hutafuta kwa shida kinga ambayo wengine waiondoa kwa fedha. Hili hunikera, na msomaji anisamehe kwa kupandisha sauti.

Turudi kwenye sindano. Nilimwuliza daktari kama hatari huletwa na dawa au na mtu aishikaye. Akanijibu kwa habari zilizoandikwa. Mwanzoni mwa mwaka 2023 makumi ya watu wa Ulaya waliokwenda Uturuki kudungwa botulini tumboni ili wapunguze unene walirudi kwao wakiwa na dalili za kupooza. Mwaka 2024 Marekani ilitangaza watu 22 katika majimbo 11 waliodhurika baada ya kudungwa usoni dawa ya bandia au iliyotumiwa vibaya, wengi wao na watu wasio na leseni au majumbani. Mwaka huo huo pia ilitangazwa habari ya nyumba moja ya urembo katika jimbo la New Mexico, iliyofungwa mwaka 2018, ambako wanawake waliochomwa sindano ndogo ndogo usoni waliambukizwa virusi vya UKIMWI. Ikiwa hayo hutokea kwao, wenye wakaguzi wengi kuliko sisi, mtu wa kwetu ajihadhari mara saba.

Hata hapa nchini mambo haya yamekwisha kufika. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, huko Mloganzila, ilianza kutoa huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile. Lakini aliyeko hospitali ni daktari aliyeandikishwa na Baraza la Madaktari, ambaye jina lake laweza kuulizwa. Khofu ni yule ajaye na mkoba, akadunga watu chumbani katika nyumba ya wageni. Dawa ya botulini hutakiwa ikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Nani aliyeihifadhi katika basi toka mjini, na umeme ulipokatika ilikuwa wapi? Chupa ina jina gani, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inaijua? Hata vipimo havilingani, kwa kuwa yuniti za chapa moja si sawa na yuniti za nyingine, na asiyejua hilo aweza kumtilia mtu mara mbili au tatu ya kipimo. Wako na wadungao silikoni ya maji, ambayo hukaa mwilini milele na kutambaa. Na adungaye filla bila ya kuwa na dawa ya kuiyeyusha mezani pake ni kama mpiga kasia asiyejua kuogelea, aliyewapakia watoto wa watu.

Sasa hukumu, ambayo niliitanguliza na ilikuwa ije nyuma.

Hadithi niliyomtajia yule mama imepokewa na Ibn Masuud, na imo katika Bukhari na Muslim. Nilichoacha kumwambia ni kwamba wanavyuoni walilisimamia neno moja lililomo ndani yake, lenye maana ya kufanya hivyo kwa ajili ya uzuri. Imamu Nawawi alieleza kuwa neno hilo laonyesha lililokatazwa ni kutafuta uzuri. Ama afanyaye kwa haja ya tiba au kwa kuondoa aibu ya kiungo, hana ubaya. Na twajua habari ya Sahaba Arfaja, aliyekatwa pua vitani zama za ujahiliya, akajiwekea pua ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, hali dhahabu ni haramu kwa wanaume.

Julai ya mwaka 2007 wanavyuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walikutana Putrajaya, Malaysia, wakatoa azimio juu ya upasuaji wa urembo. Waliruhusu kutengeneza kasoro za kuzaliwa nazo na zilizoletwa na moto, ajali au maradhi. Na juu ya makunyanzi walisema waziwazi: haijuzu kuyaondoa kwa kupasua wala kwa sindano, isipokuwa iwe ni hali ya ugonjwa, na kwa sharti ya kusalimika na madhara. Mwaka mmoja kabla yake baraza la fatwa la Malaysia lilikuwa limekwisha kuharamisha sindano ya Botox kwa urembo. Wapo wanavyuoni wengine wa zama hizi walioruhusu kwa masharti, wakisema kwamba dawa idumuyo miezi michache haibadili umbo, na wala si kama chale isiyofutika. Nimezisoma hoja zao kwa kadiri nilivyoweza kuzipata, nami moyo wangu umebaki na azimio la mwaka 2007. Lakini sasa nasema hivyo baada ya kujua nasema juu ya nini. Ambaye kope zake hufumba zenyewe, au ambaye shingo yake hupindwa na misuli, hao sindano hii ya sumu ni tiba yao, na mwalimu awakatazaye kwa sababu ya jina lake amewadhulumu.

Kuna maswali madogo ambayo vijana wataniuliza, basi niyajibu. Udhu na josho havidhuriki, kwa sababu sindano hizi hukaa chini ya ngozi na hazizuii maji kufika. Dawa ya botulini, katika chapa zijulikanazo sana, huchanganywa na protini itokanayo na damu ya binadamu. Mwenye kutaka kujihadhari na najisi aliulize na hilo. Na mwanamke aliye katika posa asiutumie uso uliodungwa kumficha mchumba umri wake, kwa kuwa huo ni udanganyifu katika mkataba, hata kama sindano yenyewe ingekuwa halali.

Tena msidhani kwamba haya ni ya wanawake peke yao. Niliposimulia safari yangu msikitini, wanaume walicheka sana, na katika waliocheka nilihesabu ndevu tatu zilizopakwa rangi nyeusi ti, ambayo Mtume (s.a.w.) aliagiza iepukwe alipoletewa mzee Abu Kuhafa mwenye mvi kama maua meupe. Katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa kwamba Nabii Ibrahim (a.s.) ndiye wa kwanza kuona mvi, akauliza ni nini, akaambiwa ni heshima, naye akaomba azidishiwe. Vijana wakisikia hayo hutabasamu, lakini subirini.

Nilirudi Lupiro nikamwendea yule mama nyumbani kwake, pamoja na mke wangu, nikamwomba radhi. Nikamweleza tofauti yote, gunia na nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha ndipo aliposema lililomleta barazani siku ile. Mumewe, kila aingiapo jioni, humwuliza: "Umekasirika nini leo?" Naye hakukasirika. Humjibu hivyo, asisadikiwe. Mwaka wa pili sasa mume amezoea kukaa kwa jirani mpaka usiku, kwa kuwa aona nyumbani kwake kuna hasira asiyoijua sababu yake, na maneno ya kuoa mke mwingine yamekwisha kumfikia mama huyo kwa midomo ya watu. "Mimi sitaki ujana, Mwalimu," akasema. "Nataka uso usinisemee nisilolisema."

Mke wangu alimshika mkono. Mimi nilitazama chini, nikikumbuka ile aya niliyomtupia mbele ya wazee wawili.

Lakini lilikuwapo neno moja la daktari ambalo nilikuwa sijalifikisha. Kabla sijaagana naye aliniuliza: "Huyo mama husoma akiwa ameweka kitabu umbali gani?" Nilishangaa, kisha nikakumbuka. Siku za darasa la akina mama hunyoosha mkono wote, msahafu ukawa mbali kama anayemwonyesha mtu mwingine, na nyusi zake hukutana. Na mashineni hufanya vivyo hivyo mbele ya mizani, gunia baada ya gunia, mchana kutwa. Daktari akanieleza kwamba baada ya miaka 40 jicho la kila mtu huanza kushindwa kuona vitu vya karibu, na asiye na miwani hukaza misuli ya nyusi ili aone, mpaka uso ukashika desturi hiyo. Mtu wa namna hiyo akilegezwa msuli kwa sindano, bado macho yake yatabaki na kazi ile ile.

Nilimweleza. Akanyamaza, kisha akasema kwamba hata namba za simu humsomea mtoto, na alidhani ni uchovu tu. Ama habari za mumewe, hizo nilimwomba idhini nizungumze naye, akanipa, nami nimezungumza naye; aliyonijibu si ya gazetini.

Amekwisha kwenda Ifakara kupimwa macho, na sasa ana miwani ya kusomea, ambayo huifunga kwa uzi shingoni isije ikapotelea kwenye pumba. Ndita bado zipo. Daktari alisema zilizokwisha kuchimbika hazifutiki kwa miwani, ila hazitazidi upesi. Juzi alisoma Yaasin yote katika darasa la akina mama, msahafu ukiwa mapajani. Karatasi ya bei hajaitupa. Nilipomwuliza kuhusu sindano, aliniambia atanijibu baada ya mavuno.